Mama Aliyegawa Uji Wake: Maisha ya Khombisile MaNyawo Mngomezulu

Mwezi wa Juni mwaka huu, asubuhi moja bombani, jirani MaTembe alisema MaNyawo anakula kwa kujificha. Ndoo yake ilikuwa bado inajaa.

"Jamani, yule mama anakwenda nyuma ya banda la kuku, anatafuna. Nimemwona kwa macho yangu haya mawili. Mjukuu yuko uani analia, bibi anatafuna!"

"Anatafuna nini?" mmoja akauliza.

"Sasa mimi nilimchungulia mdomoni? Ni nyama, itakuwa nini tena? Mtu hajifichi kwa ajili ya mboga za porini."

Wanawake walicheka. Zibuyile, mkwe wa MaNyawo, alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo na mtoto mgongoni. Alijitwisha ndoo haijafika hata nusu, akaenda zake.

MaTembe yupo hapa leo, ndiye aliyepika tangu Jumatano bila kuvua aproni. Ni yeye aliyetaka neno hilo lisomwe mwanzo. Alisema, "Nililisema mbele ya watu, acha linirudie mbele ya watu." Kwa hiyo limesomwa, na sasa maisha ya marehemu yaelezwe yalivyokuwa.

Khombisile Bongekile Nyawo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966 karibu na Ndumo, upande wa mabwawa ya mto Phongolo. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mbokodwe Nyawo na mkewe MaMathenjwa. Baba yake alikuwa migodini Johannesburg na alimwona kwa mara ya kwanza akiwa na miezi minane. Inasemekana mtoto alimtazama, akatazama koti lake, kisha akalia mpaka baba akatoka nje kulivua. Tangu siku hiyo mzee Nyawo alikuwa akifika kutoka safarini anavulia koti getini.

Alikulia majini. Mama yake alimfundisha kuchimba mizizi ya yungiyungi, wakisimama bwawani maji yakiwa kiunoni, wakitafuta kwa vidole vya miguu kabla ya kuinama. Mizizi ile ikichemshwa na karanga aliipenda kuliko nyama, mpaka uzeeni. Watoto wengi waliochimba pamoja naye walikuwa wakikojoa mkojo wenye damu. Hakuna aliyeshangaa, maana wakubwa wao nao walikuwa hivyo hivyo.

Alianza shule mwaka 1974 akiwa na miaka minane, katika shule ya misheni yenye madarasa mawili na mwalimu mmoja, akamaliza Darasa la Tano la wakati ule, yaani mwaka wa saba wa shule, mwaka 1980. Alikuwa wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kuimba, na hilo la pili halikumzuia kuimba. Alitaka kuendelea. Mama yake akaugua, na wadogo zake wanne walihitaji mtu wa kuwapikia, kwa hiyo vitabu vikawekwa juu ya kabati. Mwezi Januari 1984 dhoruba kubwa ilileta mafuriko, mto ukaingia ndani ya nyumba, kabati likaenda na vitabu vyake. Dada yake Tholakele anakumbuka kwamba Khombisile alilia kwa ajili ya kitabu cha hesabu na hakulia kwa ajili ya kuku. Alipoulizwa akasema, "Kuku watataga wengine."

Tarehe 17 Desemba 1988 aliolewa na Mkhipheni Mngomezulu, akahamia hapa nyumbani ambapo leo anazikwa. Tangu hapo akaitwa MaNyawo, jina la kwao, kama ilivyo desturi. Mungu aliwapa watoto watatu: Mfanufikile, Buselaphi, na Themba aliyefariki akiwa na miezi kumi na mmoja mwaka 1995. Themba alikufa tumbo likiwa kubwa na mikono myembamba. MaNyawo hakuwahi kulieleza jambo hilo kwa maneno mengi. Alikuwa akisema tu, "Alikuwa anakula, lakini chakula hakimfikii."

Mzee Mkhipheni alifanya kazi migodini Rustenburg. Alirudi nyumbani mgonjwa mwaka 2003 na akafariki tarehe 9 Juni 2004, kabla vidonge vya UKIMWI havijafika upande huu wetu. MaNyawo alivaa nguo nyeusi mwaka mzima. Wiki ile ile aliyozivua, Juni 2005, alikwenda kliniki peke yake kwa miguu akapima, akaambiwa ana virusi vya UKIMWI. Hili halisemwi hapa kwa kumvunjia heshima. Alilisema mwenyewe kanisani, Jumapili ya Pasaka mwaka 2008, akiwa amesimama, na watu wa safu ya mbele walipoanza kunong'ona aliwaambia, "Nong'oneni kwa sauti, walio nyuma hawasikii."

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchuma pamba mashamba ya Makhathini, miaka kumi na minne. Mwaka 2006 alichaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa jamii. Alipewa mkoba, mizani, na utepe wa kupimia mikono ya watoto. Alitembea nyumba arobaini na mbili, jua kali au mvua. Alikuwa na mazoea ambayo wengi waliopo wanayakumbuka: akikusalimu, mkono wa kulia unashika wako, na kidole cha kushoto tayari kimeshavuta kope yako ya chini aone kama ndani ni pekundu au peupe. Alimfanyia hivyo mpaka mchungaji mgeni, siku ya kwanza, mlangoni mwa kanisa.

"Mama, unafanya nini?"

"Baba mchungaji, damu yako ni kidogo. Mahubiri yawe mafupi leo."

Na kweli yalikuwa mafupi.

Aliwapeleka watu kupima damu wengi kuliko anavyojua mtu yeyote. Hakuwahi kumburuta mtu. Alikaa kwenye mkeka, akaongea habari za mbuzi na mvua, na mwishoni akasema, "Mimi Alhamisi nitakuwa pale." Basi. Watu wakaja. Alistaafu mwaka 2019 magoti yalipochoka, lakini mkoba hakuurudisha. Alidai umepotea, na ulikuwa unaning'inia nyuma ya mlango kila mtu akiuona.

Mwaka 2021 mwanawe Mfanufikile alimleta nyumbani Zibuyile Gumede, na Januari 2022 akazaliwa Lwandle. Mfanufikile alirudi kazini Richards Bay, na nyumba ikabaki na hao watatu: bibi, mkwe na mtoto. Ilikuwa nyumba tulivu. MaNyawo alikuwa mama mkwe wa kutuma, na mkwe alimwita makoti, yaani bi harusi wa nyumba. "Makoti, maji. Makoti, kuni. Makoti, chumvi iko wapi, imeolewa?" Lakini mkwe alipoamka asubuhi baada ya mtoto kusumbua, aliona ua umeshafagiliwa na majivu yameshatolewa, na hakuna aliyeuliza kwa nini amechelewa.

Jambo moja MaNyawo hakuwa na uwezo nalo. Zibuyile alikuwa bado hajaruhusiwa kimila kula maziwa ya mgando ya nyumba hii. Mbuzi wa kumruhusu mkwe kula maziwa hayo lazima achinjwe na wazee wa ukoo, na wazee walisema wangoje Mfanufikile apate likizo ndefu. Likizo ikasogea, na Krismasi mbili zikapita. Kwa hiyo kila siku kibuyu cha mgando kilikuwa pale, chakula bora kuliko vyote nyumbani, na mwanamke anayenyonyesha alikula ugali na mboga akakiacha. Hakulalamika, maana ndivyo alivyolelewa. Ila alikonda, na maziwa yake ya kunyonyesha yakapungua, na mtoto akawa mwepesi mikononi.

MaNyawo mwenyewe hakuwa mzima. Tangu mwaka 2022 alichoka bila sababu. Akipanda kutoka bombani alisimama mara tatu. Watu walianza kusema ameacha vidonge, ati aliyekuwa akiwahubiria wenzake sasa anavitupa bwawani. Haikuwa kweli. Alimeza kila siku saa mbili usiku, redio ikianza taarifa ya habari, kwa miaka kumi na minane.

Novemba 2022 walikuja kliniki watu wa utafiti. Walitaka watu wenye virusi ambao pia wana minyoo au kichocho, waangalie damu zao: chakula kinachoingia mdomoni kinafika wapi. MaNyawo alijiandikisha siku ya kwanza. Januari 2023 Sista Phumlaphi Zikhali, nesi wa kliniki, alimsomea majibu, na Zibuyile alikuwepo, amembeba Lwandle.

"Mama, virusi vimelala fofofo," Sista alisema. "Unameza vizuri. Natamani wote wangekuwa kama wewe."

"Sasa mbona napanda kilima kama nimebeba jiwe la kusagia?"

"Damu yako ina njaa. Protini iko chini, vitamini A iko chini. Kwenye choo chako tumekuta mayai ya minyoo aina mbili. Kwenye mkojo kuna kichocho."

"Kwa hiyo nafuga."

"Unafuga, mama, na mifugo inakula kabla yako."

"Na chuma? Wakati wa kazi yangu tulikuwa tunaambiwa chuma, chuma."

Sista alivua miwani. "Hapo ndipo karatasi inapodanganya. Ukisoma mstari huu utaona chuma cha akiba kipo cha kutosha. Lakini mstari wa chini yake unaonyesha mwili uko vitani. Mwili ukiwa vitani unaficha chuma chake ghalani. Kipimo kinakiona, damu haikipati."

MaNyawo alicheka mpaka akakohoa. "Kama wanaume wa huku. Ng'ombe wamejaa zizini, watoto hawaonji hata mchuzi."

Alipewa dawa ya minyoo, na vile vidonge vya kichocho vinavyonuka, akavimeza vyote kwa mkupuo mbele ya Sista. Na kuanzia Februari akapewa uji wa lishe, pakiti sitini kwa mwezi, moja asubuhi na moja jioni. Kila pakiti iliandikwa kwamba ni kwa mgonjwa peke yake. Masharti ya utafiti yalikuwa pakiti tupu zirudishwe, zihesabiwe. Alizirudisha zote, zimekunjwa mara nne, zimefungwa kwa uzi. Pale kliniki walimsifu.

Damu haikupanda. Walimpima Aprili, walimpima Juni, ikawa inashuka. Walimwuliza anakula nini kingine, akasema anakula vizuri.

Sasa turudi kwenye neno la bombani. Siku ile Zibuyile alifika nyumbani na nusu ndoo yake na moyo mzito. Mkwe hamkodolei macho mama mkwe wake akila, wala hamwulizi. Alimaliza siku mbili akijizuia. Siku ya tatu mtoto alilala mchana, na MaNyawo hakuonekana uani. Zibuyile alizunguka nyuma ya banda la kuku.

MaNyawo alikuwa amekaa juu ya debe, na mapajani kifuniko cha sufuria. Juu ya kifuniko kulikuwa na vipande vya udongo mwekundu wa kichuguu, vimekaushwa juani. Kimoja kilikuwa mdomoni.

"Makoti. Unanipeleleza?"

"Hapana, mama. Nilikuwa natafuta... kuku."

"Kuku hawa hapa. Wahesabu."

Zibuyile aliwatazama kuku. Machozi yakamjia. "Wanasema unakula nyama, mama."

"Nani, MaTembe? Huyo pua yake ina miguu." MaNyawo alifuta mdomo kwa nyuma ya mkono. Alionekana mdogo, kama mtoto aliyekamatwa na sukari. "Ingekuwa nyama ningekuita, tukaimaliza kabla hajafika. Huu ni udongo tu. Naona aibu. Wanawake wote niliowakataza! Nilikuwa naingia nyumbani kwao nawaambia, acheni udongo, mna mayai ya minyoo humo, damu yenu inaomba chuma, nendeni kliniki. Na sasa ikinipita harufu ya mvua kwenye kichuguu, miguu inakwenda yenyewe."

"Lakini unapewa uji, mama. Si unashiba?"

MaNyawo alifuta kifuniko kwa kiganja. Alisema, "Mtoto anaamka, nenda."

Mtoto hakuwa ameamka.

Jibu lilikuja Julai. Sista Phumlaphi alifika nyumbani bila taarifa, kwa sababu vipimo vilimtatiza. MaNyawo alikuwa kanisani kwenye kikundi cha akina mama. Zibuyile alikuwa jikoni anamlisha Lwandle, naye mwenyewe ana bakuli lake pembeni.

Sista alisimama mlangoni, akanusa. "Dada, uji huo mmeutoa wapi?"

"Ni wa kopo la mama. Unga wa mtama, ananunua dukani. Sisi tunakunywa asubuhi na jioni, tangu Februari. Mama anasema wake ameshakunywa."

Sista aliomba kuliona kopo. Lilikuwa kopo la kawaida la unga, kubwa, limefutwa vizuri. Aliweka unga kidogo kwenye ncha ya ulimi. Kisha akaketi kwenye kigoda.

"Alikuwa anazikata pakiti zetu kwa uangalifu na kumimina humu," alisema. "Ili zirudi nzima."

Zibuyile aliweka kijiko chini. Alikuwa ameona mtoto ananenepa. Alikuwa ameona maziwa yake yanarudi, na akamshukuru Mungu, na akamwimbia Lwandle kuhusu mtama. Kwa miezi mitano alikuwa anakunywa damu ya mama mkwe wake asubuhi na jioni na kulamba kijiko.

MaNyawo aliporudi na vazi lake la kanisani aliwakuta wote wawili wamekaa, kopo likiwa katikati yao. Alielewa kabla hajavua kitambaa.

"Sista, usinitazame hivyo. Huyu binti ananyonyesha, na mgando wa nyumba hii hawezi kuugusa. Ningemlisha nini, maneno?"

"Mama, wewe unakufa."

"Mimi nimekula miaka hamsini na saba. Huyu mdogo hajala hata miwili."

"Kuna uji wa watoto pale kliniki! Kuna orodha ya akina mama wanaonyonyesha! Ungeniambia tu!"

"Najua ipo. Nimeandikisha nusu ya kata kwenye orodha hiyo." MaNyawo alimtazama mkwe wake, kisha akatazama pembeni. "Ili uandikwe, lazima uje mwenyewe."

Hapo ndipo palipokuwa na shida, na haifai kuificha leo. Mama anayenyonyesha akija kuandikisha mtoto, hukaa kwenye benchi la ndani, na kwenye benchi hilo hushauriwa kupima damu, yeye na mtoto. Zibuyile alipimwa mara moja mwanzo wa ujauzito, akawa salama. Baada ya hapo Mfanufikile alikaa mbali miezi na miezi, na yeye hakurudia. Kila aliyepima alipita kwenye benchi lile, na kila mtu kijijini aliona nani ametoka na uso gani. Aliogopa. Aliogopa jibu lake, na la Lwandle zaidi.

"Nitakwenda wiki ijayo," alimwambia Sista.

Alisema hivyo Julai. Alisema tena Agosti. Septemba mtoto alikuwa na mafua, ikawa sababu. MaNyawo, aliyewapeleka watu wengi hivyo, hakumwambia neno. Kumtuma mkwe maji ni haki ya mama mkwe. Damu yake aliona hana haki ya kumtuma. Mbele ya Sista aliahidi kunywa uji wake mwenyewe, na alikunywa, nusu. Nusu ya pili iliendelea kuonekana kwenye bakuli la mtoto, na Zibuyile akijaribu kuirudisha aliambiwa, "Makoti, usinifundishe kugawa chakula nyumbani kwangu."

Mwanzoni mwa Oktoba miguu yake ilivimba. Tarehe 21 Oktoba alishindwa kulala chali kwa sababu ya pumzi, na kesho yake asubuhi alipelekwa hospitali ya wilaya. Damu ilikuwa imebaki chini ya nusu ya inayotakiwa, na moyo ulikuwa umechoka kuisukuma. Aliongezewa damu mara mbili. Alipata nafuu, akaanza kuvuta kope za manesi. Mwezi wa Novemba ulipoanza, mapafu yakashikwa, na ile nguvu kidogo iliyorudi ikaisha. Madaktari walieleza familia kwamba virusi havikumuua, kwani vilikuwa vimelala mpaka siku ya mwisho. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu haukuwa na kitu cha kupigania. Familia inawashukuru kwa kusema wazi, na kwa kumsitiri.

MaNyawo alifariki Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka hamsini na saba na miezi saba. Kando yake alikuwepo dada yake Tholakele. Alhamisi shemeji yake, ndugu wa Mkhipheni, alikwenda hospitalini na tawi la mti wa umphafa, kama ilivyo mila, kuileta roho nyumbani, na njia nzima alizungumza naye, akimwambia hapa ni darajani, hapa ni kwa MaTembe, hapa umefika.

Ameacha mwanawe Mfanufikile na binti yake Buselaphi; mkwe wake Zibuyile; wajukuu Lwandle, Anele na Snethemba; dada yake Tholakele, kaka yake Mphikeleli, na nyumba arobaini na mbili alizozitembelea. Ametanguliwa na mume wake Mkhipheni na mtoto wake Themba. Mungu ampe mahali pa kukaa pasipo na kilima, na apumzishe miguu yake kwa amani.

Limebaki jambo moja. Wengi wameuliza, na baadhi wameuliza kwa ukali, kwa nini mkwe wake hakuwepo hospitalini Jumanne ile, wakati siku zote tangu alazwe alikuwa pale. Ni haki yao kuuliza, na jibu ni hili.

Jumapili tarehe 12 Novemba, saa za kuwaona wagonjwa, Zibuyile alimkuta MaNyawo ameegemea mito mitatu na mrija wa hewa puani. Alimletea mizizi ya yungiyungi iliyopondwa na karanga. MaNyawo alionja kidogo, akafumba macho, akasema chumvi imezidi. Kisha akampapasa mkono.

"Wewe nimekutuma sana."

"Si kazi yangu, mama?"

"Maji. Kuni. Nimekutuma mpaka nikachoka mimi." Alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Leo sikutumi. Nakuomba. Unaona tofauti yake?"

"Naiona, mama."

"Jumanne usije hapa."

"Mama, Jumanne ndiyo siku ya daktari mkubwa. Nani atamsikiliza?"

"Tholakele atakuwepo. Hata asiposikia ataitikia." Alitabasamu, kisha tabasamu likaisha kwa sababu ya pumzi. "Jumanne mbebe Lwandle, mkakae kwenye lile benchi. Utoe mkono wako wewe kwanza, asiogope. Halafu wake."

Zibuyile alilia. Hakujificha, hata mwanamke wa kitanda cha pili aligeukia ukutani. "Na wakiniambia ninayo? Na wakisema mtoto anayo?"

"Watakuambia, na mtapewa dawa, na mtapewa chakula chenu wenyewe, kwa majina yenu. Nimeishi nayo miaka kumi na minane, makoti. Nimelima nayo, nimecheka nayo." Alimshika kidole, akawa hakiachii. "Mimi siwezi tena kuwapa changu. Umenielewa? Kimekwisha. Ndiyo maana nakuomba."

"Nitakwenda, mama."

"Usiseme wiki ijayo."

"Jumanne."

"Tafadhali, mwanangu. Wanafungua saa moja na nusu. Nenda mapema, uwahi mbele."